Maswali ya Wasomaji: Kusoma muziki kama fani ndogo katika vyuo vya Kikristo vya Marekani

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: kijana anakwenda kusoma baiolojia, uhasibu au uuguzi katika chuo cha Kikristo huko Marekani, na hataki kuuacha muziki aliokua nao kanisani. Kwa wasiofahamu mfumo wa kule, shahada ya kwanza huwa na krediti (vipimo vya uzito wa masomo) zipatazo 120. Sehemu kubwa ni ya fani kuu na masomo ya lazima kwa wote. Mwanafunzi akitaka anaongeza fani ndogo, ambayo kwa muziki huwa kati ya krediti 18 na 24. Barua tumezifupisha.

Binti yangu amepata nafasi katika chuo cha Kilutheri, Minnesota. Anakwenda kusoma baiolojia, na anataka muziki uwe fani ndogo. Ameimba kwaya tangu Shule ya Jumapili. Nahofia masomo ya sayansi yataporomoka. Muziki unakula muda kiasi gani? Na kuna ada ya ziada? — Mama, Moshi

Mama, una haki ya kuhofia, kwa sababu krediti za muziki zinadanganya. Krediti moja ya historia ni saa moja darasani kwa wiki. Krediti moja ya kwaya inaweza kuwa saa tatu hadi tano za mazoezi kwa wiki, bila kuhesabu ibada na maonyesho.

Mpango wa kawaida hufanana na huu: Nadharia ya Muziki I na II, krediti 3 kila moja, mafunzo ya sikio yanayoambatana nazo, krediti 1 kila muhula, historia ya muziki, krediti 3, masomo ya ana kwa ana na mwalimu wa sauti au ala, krediti 1 kwa mihula minne, kwaya au bendi, krediti 1 kwa mihula minne, na somo moja la kuchagua. Jumla inafika 21 au 22. Kila chuo kina orodha yake, kwa hiyo asome katalogi (kitabu cha masomo na masharti ya chuo) ya mwaka atakaoingia, maana hiyo ndiyo itakayomfunga hadi ahitimu.

Sasa tugeuze krediti hizo ziwe saa. Katika muhula mzito, nadharia itamchukua saa tatu darasani na kama hizo za kazi ya nyumbani. Sikio ni vipindi viwili vya dakika 50. Somo la mwalimu ni nusu saa tu, lakini mwalimu anategemea kama saa tano za mazoezi ya peke yake kwa wiki, na asipoyafanya itasikika mara tu anapofungua kinywa. Weka na kwaya, unapata saa 15 au zaidi. Baiolojia nayo ina maabara za saa tatu mchana. Kinachowaangusha wengi ni mgongano wa ratiba: maabara inaisha saa kumi jioni, na kwaya kuu inaanza saa hiyo hiyo au kabla yake. Kabla ya kujiandikisha, aweke ratiba ya maabara na ya kwaya mezani, azisome pamoja. Kama zinagongana, kwa kawaida chuo kina kwaya nyingine inayokutana jioni, na aghalabu hiyo pia inahesabika.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa tunamsihi asikosee. Nadharia I hufundishwa muhula wa vuli, unaoanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na katika vyuo vidogo haifundishwi tena hadi mwaka unaofuata. Nadharia II inaitegemea Nadharia I, na masomo mengine mengi yanazitegemea zote mbili. Anayesema "nitaanza muziki nikishazoea" anapoteza mwaka mzima. Aanze na nadharia muhula wa kwanza, kabla kemia ya ogani haijafika, na masomo ya sauti ayasogeze mwaka wa pili ikibidi.

Kuhusu ada: vyuo vingi vya binafsi hutoza kiasi kimoja kwa mwanafunzi mwenye krediti 12 hadi 17 au 18, na akizidisha analipia kila krediti iliyozidi. Masomo ya ana kwa ana yana ada yake ya pembeni kila muhula, ambayo haionekani kwenye barua ya udahili. Aulize idara ya muziki maswali mawili: ada hiyo ni kiasi gani, na je, hufutwa kwa mwenye ufadhili wa muziki? Vyuo vingi vya Kikristo hutoa ufadhili wa kuimba au kupiga ala hata kwa wasiosoma muziki kama fani kuu, mradi wafanye usaili na wabaki kwenye kwaya. Minnesota kwaya ni jambo zito: ile ya St. Olaf, mjini Northfield, ilianzishwa mwaka 1912 na F. Melius Christiansen, na desturi yake ya kuimba bila ala, nyimbo zikiwa kichwani, ilienea vyuo vingi vya Kilutheri vya eneo lile. Kwaya za namna hiyo zinawahitaji waimbaji wa fani zote, na binti aliyekulia kwenye sauti nne ana cha kuwapa.

Mimi ni Msabato, naimba sauti ya nne, na ninaomba nafasi Oakwood. Nasoma solfa (do, re, mi) vizuri sana lakini stafu (noti za mistari mitano) siijui. Je, nitaweza nadharia? — Kisii

Utaweza. Oakwood, chuo cha Wasabato kilichoko Huntsville, Alabama, ndiyo nyumbani kwa kwaya ya Aeolians, iliyoanzishwa na Eva B. Dykes mwaka 1946, na uimbaji wa bila ala unaoufahamu wewe unathaminiwa sana pale. Popote utakapokwenda, mwenye solfa anaingia darasani akiwa mbele kwenye sikio na nyuma kwenye kusoma. Wenzako wengi watakuwa kinyume chako.

Mtihani wa kupimwa kabla ya kupangiwa darasa huuliza majina ya noti katika ufunguo wa G na wa F (alama za mwanzo wa stafu, ya sauti za juu na ya sauti za chini), alama za skeli, umbali kati ya noti mbili, na kodi (noti zinazosikika pamoja) za noti tatu. Tumia solfa kama ngazi ya kuufikia. Ukiona shapu (alama za kupandisha noti) mwanzoni mwa stafu, ile ya mwisho kulia ni *ti*; panda nusu toni, umefika *do*. Ukiona flati (alama za kushusha noti), ile ya mwisho ni *fa*. Shuka hatua tatu, *mi*, *re*, *do*. Kwa kanuni hizo mbili unaipata *do* ya wimbo wowote ulioandikwa katika meja, yaani skeli ya kawaida ya *do* hadi *do*. Kisha chukua tenzi unazozijua kwa solfa, na kila siku kwa dakika 20 nakili sauti yako kwenye stafu: wiki za kwanza *do* ikiwa C, halafu G, halafu F. Usiishie kwenye besi. Nakili na soprano, maana mtu wa sauti ya nne hujua ufunguo wa F akabaki mgeni katika ufunguo wa G.

Kuna mtego mmoja ambao walimu wa kule hawautarajii. Solfa ya makanisani kwetu ni ya John Curwen wa Uingereza, na wimbo wa maina (skeli yenye sauti ya huzuni) tunauhesabu kuanzia *la*. Vyuo vingi vya Marekani huuhesabu kuanzia *do*, kisha hubadili irabu za noti zilizoshushwa: *do, re, me, fa, sol, le, te, do*. Tena majina yanapishana. *Se* ya Curwen ni *so* iliyopandishwa. *Se* ya Kimarekani ni *sol* iliyoshushwa. *Le* ya Curwen ni *la* iliyopandishwa. Ya kwao imeshushwa. *Fe* yetu wao huiita *fi*, na *ta* yetu wao huiita *te*. Mwanafunzi mwenye sikio zuri anaimba noti sahihi kwa jina lisilo lake, anakatwa alama, na haelewi kosa liko wapi. Wiki ya kwanza kabisa muulize mwalimu: maina mnaianzia *la* au *do*? Kama ni *do*, jifunze majina mapya ukiimba skeli polepole, na majina ya nyumbani yaache nje ya mlango wa darasa.

Jiandae pia kwa wino mwekundu kwenye kazi za sauti nne. Besi na tena (sauti ya tatu) zikitoka *do–so* kwenda *re–la* pamoja, mwalimu ataandika kwamba umefanya kwinti sambamba, yaani sauti mbili zilizoachana kama *do* na *so* zimesogea pamoja. Kanuni hiyo inatoka kwenye uandishi wa Ulaya wa wakati wa Bach, ambako kila sauti inatakiwa isikike ikienda njia yake, na sauti mbili zinazotembea sambamba kwa kwinti au oktava zinamezana zikawa kama moja. Wagogo wa Dodoma huimba kwa kwati (umbali wa *do* hadi *fa*) na kwinti sambamba, na uzuri wa uimbaji wao uko papo hapo. Kwenye mtihani fuata kanuni inayopimwa. Somo la historia likikutaka uandike makala ya mwisho wa muhula, uimbaji wa Wagogo ni mada nzuri mno, na huenda darasa zima ukawa wewe peke yako unayeweza kuuimba mfano.

Napiga tarumbeta kanisani (KKKT). Nimeambiwa bendi ya chuo inapokea wanafunzi wa fani ndogo. Kuna la kujihadhari? — Bukoba

Liko moja kubwa. Kama ulifundishwa kwa vitabu vya Kijerumani vya bendi za kanisa, unasoma noti kama zinavyosikika: ukiona B-flati unapuliza bila kubonyeza kitu. Bendi za Marekani humwandikia mpiga tarumbeta ya B-flati noti iliyopandishwa toni nzima: hapo penye C ndipo pa kupuliza bila kubonyeza, na sauti inayotoka ni B-flati. Wewe ukiiona C ya chini ya stafu, vidole vitakwenda vyenyewe kwenye vali ya kwanza na ya tatu, nawe utasikika toni nzima juu ya bendi yote. Pata kitabu chochote cha mwanzo cha tarumbeta kilichoandikwa kwa mtindo wa Kimarekani, uanze upya kama mtoto: skeli ya C, ya G, ya F, polepole, miezi miwili kabla ya usaili. Usijaribu kuhamisha kichwani wakati wa kupiga. Vidole vijifunze njia mpya moja kwa moja.

Napiga kinanda ibadani. Chuo nilichokubaliwa kina fani ndogo ya muziki na nyingine ya uongozi wa ibada. Nichague ipi? Na je, nikipata kanisa la kupigia huko naweza kulipwa? — Nairobi

Tofauti ijue kwa kusoma orodha ya masomo, kwa sababu jina halitakuambia. Fani ya uongozi wa ibada huwa na theolojia ya ibada, kupanga liturujia, kuongoza bendi, vyombo vya sauti, na nadharia kidogo inayolenga karatasi zenye maneno ya wimbo na kodi zake. Fani ya muziki ina nadharia ya kina, historia, na mwalimu wa ala. Atakayetaka baadaye kusoma shahada ya pili ya muziki au kufundisha, achukue ya muziki, kwani nadharia ndiyo atakayoulizwa. Atakayetumika kanisani huku akifanya kazi nyingine, ya ibada inamfaa, lakini aombe kuongeza Nadharia I. Bendi ya ibada ya chuo yenyewe mara nyingi haina krediti, basi usiihesabu kabla hujauliza.

Angalia pia chuo ni cha kanisa gani. Harding, huko Arkansas, ni cha Makanisa ya Kristo, na kwa mapokeo yao ibada ya chuo huimbwa bila ala yoyote. Goshen, Indiana, ni cha Wamennonaiti, wanaojulikana kwa kuimba sauti nne kutoka kitabuni. Mpiga kinanda anayetafuta pa kupiga kila wiki ayajue haya mapema.

Sasa kinanda chenyewe. Wapigaji wengi wa kwetu wanaujua ufunguo mmoja au miwili (hapa ufunguo ni mahali inapoanzia *do*), na kitufe cha kuhamisha sauti kinawafanyia yaliyobaki. Piano ya chuo haina kitufe hicho. Mtihani wa piano hutaka skeli kwa mikono miwili, utenzi wa sauti nne kutoka kitabuni, na mara nyingi kuhamisha wimbo mfupi kwa ufunguo mwingine papo hapo. Zima kitufe leo. Chukua wimbo mmoja wa kodi tatu, 1, 4 na 5 (zinazojengwa juu ya *do*, *fa* na *so*), uupige katika C hadi mikono isiulize, kisha G, F, D, B-flati na E-flati, wiki moja kila ufunguo. Faida yake ni mara mbili, maana wanamuziki wa ibada wa Marekani huandika kodi kwa namba hizo hizo, na darasa la nadharia huziandika kwa namba za Kirumi. Kilichokuwa sikioni kinapata jina.

Kuhusu malipo, tafadhali soma kwa makini. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kusindikiza kwaya ya chuo au wanafunzi wa sauti kwa piano ni kazi ya chuo, na idara za muziki huitafutia watu kila muhula. Lakini kanisa la mjini likikupa bahasha kila Jumapili kwa kupiga kinanda, hiyo ni ajira nje ya chuo bila kibali, na inaweza kukuharibia viza hata kama mchungaji aliita "sadaka ya shukrani". Kuimba na kusali kama muumini hakuna tatizo. Kabla ya kupokea chochote, muulize afisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako, umwonyeshe na barua ya kanisa. Na ujue kwamba kibali cha kufanya kazi kinachohusiana na masomo, wakati wa chuo au baada ya kuhitimu, hufungamana na fani kuu. Fani ndogo ya muziki haitakupa kibali cha kazi ya muziki.

Familia yetu ilitoka Kongo, tunaishi Grand Rapids. Nimemaliza miaka miwili chuo cha jamii, sasa nahamia chuo cha Kikristo mwaka wa tatu. Muda wa fani ndogo bado upo? — Michigan

Upo, ila hauna nafasi ya kupumua. Una mihula minne, na masharti mengi ya kwaya na masomo ya ala huhesabiwa kwa mihula minne. Kuimba katika kwaya mbili muhula mmoja kwa kawaida hakuhesabiki kuwa mihula miwili. Kwa hiyo kwaya na mwalimu wa sauti vianze muhula huu huu.

Nadharia uliyosoma chuo cha jamii wataipokea kama krediti, lakini idara inaweza kukupima kabla ya kukuruhusu Nadharia II au III. Peleka silabasi na madaftari yako ya kazi. Ukifaulu kuruka somo kwa mtihani, uliza mapema kama krediti zake zimehesabiwa au zinatakiwa kujazwa na somo lingine. Mara nyingi zinatakiwa kujazwa, na wengi hugundua wakiwa wamebakiza muhula mmoja. Uliza vilevile ni krediti ngapi lazima zisomwe pale pale chuoni (vyuo vingi hutaka kama nusu), na alama ya chini inayokubalika, ambayo aghalabu ni C.

Na usilidharau lile somo la krediti sifuri la kuhudhuria maonyesho. Ni la kufaulu au kufeli, idadi ya maonyesho imeandikwa kwenye silabasi, na mtu amewahi kuwa na krediti zote akanyimwa fani ndogo kwa kadi ambayo hakuitia saini mlangoni.

Sina uwezo wa kwenda Marekani. Nyumbani hakuna? — Mbeya

Mfumo wa fani ndogo haujaenea sana kwetu, lakini muziki upo. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, cha KKKT, kilichoko Usa River karibu na Arusha, kinafundisha muziki kama shahada kamili, na ngoma na ala za Kiafrika zikiwamo. Asiyetaka shahada ya muziki awaulize kama anaweza kupokelewa kwa masomo ya ala au kwa kwaya.

Usaili wanautaka kwa video. Nirekodi vipi kwa simu? — Mombasa

Andaa nyimbo mbili za mwendo tofauti, mmoja wa taratibu na mmoja wa haraka, na uhakikishe chuo kinakubali lugha unazoimba. Kiswahili mara nyingi hukubaliwa kwa mmoja, ukiambatisha tafsiri. Kila wimbo uwe kipande kimoja kisichokatwa wala kuongezewa mwangwi. Wanataka sauti yako ilivyo. Tafuta chumba chenye mapazia au viti vya vitambaa. Ukumbi mtupu wa kanisa unafanya maneno yasisikike. Simu iwe mita mbili kutoka kwako, usawa wa kifua, imelala upande, na feni izimwe. Kinanda kinachokusindikiza kiwe nyuma ya simu au ubavuni, kisiwe kati yako na simu, vinginevyo kitakumeza. Imba kwanza sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote, sikiliza kwa spika za masikioni, na ikikwaruza rudi nyuma hatua moja. Mwanzoni taja jina lako, jina la wimbo na mtunzi, basi. Faili lipe jina lako na jina la wimbo. Tarehe za mwisho za ufadhili wa muziki kwa wanaoanza vuli huwa kati ya Desemba na Februari, mara nyingi kabla ya ile ya udahili, kwa hiyo rekodi kabla ya pilikapilika za Krismasi, wakati mpiga kinanda wako bado ana nafasi.